Nairobi kwa Miguu: Jinsi ya Kuona Jiji Kuu Bila Kulipa Kiingilio

Wakazi wengi wa kaunti hii hufika Nairobi kwa sababu kuna jambo limewapeleka. Ni miadi ya kliniki katika hospitali ya rufaa, pasipoti inayochukuliwa Nyayo House, mahojiano ya kazi, au mtoto anayepelekwa chuo. Shughuli yenyewe huisha saa tano asubuhi, na mtu hana haraka ya kupanda gari la kurudi kabla ya saa kumi. Hizo saa za katikati ndizo humaliza pesa. Wengine huketi hotelini wakiagiza chai wasiyoihitaji ili wasifukuzwe mezani. Wengine hukaa stejini na mizigo miguuni, na wachache huvutwa na karata za pata potea hadi nauli ikaenda. Mtoto aliyengoja mwaka mzima kuiona Nairobi hurudi nyumbani akiwa ameona matatu na mlango wa choo cha kulipia.

Somo hili ni la watu hao. Katikati ya jiji kuna bustani, sanamu, minara na majengo ya kihistoria ambayo mwananchi huyaona bila kutoa shilingi. Yanatembelewa kwa miguu, na yote yako karibu kiasi kwamba mtu mwenye watoto anaweza kuyazunguka kwa nusu siku akipumzika njiani. Baadhi ya sehemu hizo nusura zichukuliwe na kujengwa, na zimebaki wazi kwa kuwa kuna watu waliokataa. Anayepita akiwa anajua hilo huona zaidi ya nyasi na mawe.

Hesabu kabla ya safari

Kwa mtu anayetoka kaunti, gharama kubwa ya kutembea Nairobi ni nauli. Kiingilio huja nyuma yake. Kwa hivyo familia isiyo na pesa nyingi haina haja ya kufunga safari maalumu ya kutalii. Safari iliyopo tayari, ile ya kliniki au ya chuo, iongezewe saa chache na mtoto mmoja au wawili.

Jambo la kwanza ni kutenga nauli ya kurudi na kuisahau. Isichanganywe na pesa za matumizi, na kama iko kwenye simu, iachwe humo. Nauli ya jioni huwa si ile ya asubuhi, na mvua ikinyesha hupanda zaidi, kwa hivyo itengwe kwa kiwango cha juu. Kinachobaki ndicho cha kutumia.

Chukua mfano wa mzazi mwenye watoto wawili ambaye amebaki na shilingi 1,000 baada ya kutenga nauli. Akiweka shilingi 600 kwa chakula cha mchana kwenye kibanda, 60 za choo, na 100 za njugu na ndizi, atakuwa na shilingi 240 za dharura. Bei hubadilika, lakini mpango wenyewe haubadiliki: chakula ndicho hula sehemu kubwa, na chakula ndicho mtu anaweza kukipunguza akiwa bado nyumbani. Chapati na mayai ya kuchemsha yaliyofungwa asubuhi huokoa zaidi ya nusu ya bajeti hiyo. Maji yabebwe kwenye chupa ya kutumiwa tena na tena. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa kama vile mbuga na misitu.

Mizigo isitembezwe. Kampuni nyingi za mabasi huweka mzigo wa abiria aliyekata tikiti ya kurudi, kwa ada ndogo au bila ada. Kitambulisho kibebwe, kwa kuwa karibu kila jengo la serikali hukitaka mlangoni. Pia avuke barabara pale panaporuhusiwa na taka aziweke pipani, maana faini ya sheria ndogo za jiji hula bajeti kuliko kiingilio chochote cha makumbusho.

Moi Avenue: kijana aliyewapeleka wenzake ng'ambo

Mahali pazuri pa kuanzia ni Moi Avenue, mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Kwa wanaoshukia Tea Room, Machakos Bus au Railways, huu ni mwendo mfupi, na kila mpita njia anajua kuelekeza. Jengo lenyewe liliwahi kuwa benki wakati wa ukoloni. Ndani yake kuna mkusanyo wa sanaa za Kiafrika uliokuwa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Kuingia ndani kuna ada, lakini kinachotafutwa kwa sasa kiko nje.

Nje kuna sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa Oktoba 2011. Mboya alikuwa waziri wa mipango ya uchumi alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, kwenye barabara hii hii, hatua chache kutoka hapo. Wakati huo ilikuwa bado ikiitwa Government Road. Hakuwa amefika miaka 39. Wazee wengi wanakumbuka walikuwa wapi siku hiyo, na mzazi anayesafiri na nyanya au babu wa watoto amwachie yeye nafasi ya kusimulia.

Chini ya sanamu kuna ndege aina ya heroe. Mtoto atauliza ni za nini. Mboya anakumbukwa sana kwa mpango wa ndege uliowapeleka mamia ya vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kuanzia mwaka 1959, wakati ambapo nafasi za chuo kikuu hapa nyumbani zilikuwa za kuhesabika. Mmoja wa walioondoka mwaka 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyeitwa Wangari. Jina hilo liwekwe akilini, kwa kuwa litarudi upande wa pili wa mji.

Kutoka hapo mtu hupanda kuelekea Mama Ngina Street, akipita jengo la mviringo lililokuwa hoteli ya Hilton. Kwenye makutano na Kimathi Street amesimama Dedan Kimathi wa shaba, bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Sanamu hiyo ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007. Tarehe haikuchaguliwa ovyo, kwani Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, miaka 50 kamili kabla. Kwa muda mrefu wa miaka hiyo chama cha Mau Mau kilikuwa bado kimepigwa marufuku kwa sheria iliyoachwa na wakoloni. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003.

Hapa watu hupiga picha, na hakuna anayewazuia. Simu ishikwe kwa mikono miwili, na isiachwe mfuko wa nyuma.

Kenyatta Avenue: barabara inayosomwa kama kitabu

Kimathi Street huishia Kenyatta Avenue, barabara pana kuliko zote za katikati ya jiji. Zamani iliitwa Delamere Avenue, kwa jina la kiongozi wa walowezi ambaye sanamu yake ilisimama hapo hadi uhuru ulipofika. Husimuliwa kwamba upana wake ulitokana na magari ya kukokotwa na ng'ombe, yaliyohitaji nafasi kubwa ya kugeuka.

Karibu na hapo kuna sanamu tatu za shaba zilizosimama pamoja. Watu wengi huzipita kila siku bila kuzitazama, na ni hasara, kwa sababu huenda ndizo zinazowagusa wakazi wa mashambani kuliko sanamu nyingine yoyote mjini. Ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kutumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na iliwekwa miaka ya 1920. Hawa si majenerali. Kuna askari wa kawaida, na kuna mpagazi. Serikali ya kikoloni ilichukua wanaume kutoka vijiji vya nchi nzima, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na chakula cha jeshi hadi ndani ya Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wananchi walilitamka jina hilo kwa namna yao, na kutokana nalo Nairobi ina mtaa wa Kariokor na Dar es Salaam ina Kariakoo. Familia nyingi zina babu wa babu aliyeondoka wakati huo na habari zake zikaishia hapo. Kumbukumbu hii haina jina la mtu hata mmoja wao.

Ukielekea kulia kupitia Wabera Street unafika Banda Street. Wabera naye ana kisa chake. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, wakati wa mzozo wa kaskazini. Majina ya barabara za Nairobi hayakuandikwa kwa ajili ya mapambo, na mwalimu wa somo la jamii anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kutafuta kila mmoja jina moja.

Banda Street kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo kubwa na simba wa mawe wanaolinda ngazi. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo. Leo ni maktaba ya umma. Kwa watoto simba pekee wanatosha. Karibu yake kuna Msikiti wa Jamia wenye makuba yake, ambao jengo lake la sasa lilikamilika miaka ya 1930. Asiye Mwislamu anayetaka kuingia aulize mlangoni nje ya nyakati za swala, akiwa amevaa nguo za heshima, na viatu huvuliwa.

Hatua chache mbele, kwenye Muindi Mbingu Street, kuna City Market, jengo refu la dari la juu lenye maua mlangoni na vinyago ndani. Kutazama ni bure, ingawa wachuuzi wana maneno matamu na asiyetaka kununua anyamaze asitaje bei hata kwa mzaha. Jina la barabara hii linafaa kusimuliwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao, ikidai kwamba ni wengi mno kwa ardhi. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walitembea kutoka Ukambani hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi wakitaka kumwona gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza mpango wake. Mtu anayelalamika kwamba amechoka kutembea kutoka Machakos Bus afikirie hao kidogo.

Jeevanjee: mahali pa kula chapati

Saa ya chakula ikifika, mahali ni Jeevanjee Gardens, mwisho wa barabara hiyo hiyo. Kuna vivuli, viti na nyasi, na hakuna anayelipishwa kuketi. Mchana husikika wahubiri, na kando kidogo makundi ya watu wakibishana siasa kwa sauti kubwa, jambo ambalo kwa baadhi ya wageni ndilo tamasha lenyewe.

Bustani hii ilitolewa mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyepata utajiri kwa kuihudumia reli ya Uganda. Aliitoa iwe ya watu wote wa jiji, wakati ambapo mitaa na hata vyoo vilikuwa vimetengwa kwa rangi. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa la kuegesha magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliamka na kupinga, akaandika, akakusanya watu, na mpango ukafa. Bila yeye, anayekula chapati hapo leo angekuwa anatafuta mahali pa kuketi.

Kutoka Jeevanjee mtu hurudi Kenyatta Avenue na kuelekea magharibi. Kwenye kona ya Koinange Street kuna mnara mdogo wa mawe wa Galton-Fenzi, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kumkumbuka dereva aliyefungua njia ya gari kati ya Nairobi na Mombasa. Una vibao vya umbali wa miji mbalimbali. Watoto hupenda kutafuta mji ulio karibu na kwao na kuhesabu wametoka mbali kiasi gani.

Mbele yake ni Kipande House, jengo la mwaka 1913 lililojengwa na Gurdit Singh, ambalo leo ni benki. Hapo ndipo wanaume wa Kiafrika walikuwa wakiandikishwa na kupewa kipande, cheti walichokivaa shingoni kwenye kikebe cha bati, na ambacho bila hicho mtu hangeweza kutembea mjini wala kubadilisha mwajiri. Mtu atoe kitambulisho chake mfukoni, akitazame, kisha aendelee.

Uhuru Park: bustani iliyonusurika

Mwisho wa Kenyatta Avenue, ng'ambo ya Uhuru Highway, kuna bustani mbili kubwa. Upande wa kulia ni Central Park, na humo umesimama mnara wa Nyayo uliojengwa kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, wenye mkono ulioshika rungu ukitokea katika kilele cha mlima. Upande wa kushoto ni Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati na baadaye ikafunguliwa tena. Kuingia ni bure. Mashua na michezo ya watoto hulipiwa, na mzazi mwenye bajeti ndogo awaambie watoto mapema, kabla ya kuingia. Akingoja wafike kwenye ziwa atakuwa amechelewa.

Msichana wa Nyeri aliyepanda ndege mwaka 1960 anarudi hapa. Wangari Maathai alirudi Kenya, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Mwaka 1989 alipata habari kwamba chama tawala kinataka kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60, refu kuliko majengo yote ya Afrika wakati huo, na mbele yake sanamu ya rais. Aliandika barua kwa ofisi za serikali, kwa mabalozi na kwa mashirika ya nje, akiuliza ni nani duniani hujenga ghorofa kwenye bustani pekee ambapo maskini hupumzika. Bungeni alikejeliwa, na shirika lake likatolewa katika ofisi za serikali lilimokuwa. Waliotarajiwa kutoa mikopo walirudi nyuma, na jumba halikujengwa. Ukuta uliokuwa umezungushwa ukaondolewa.

Miaka mitatu baadaye, mwanzoni mwa 1992, kina mama wazee kutoka sehemu mbalimbali za nchi walikuja kuketi kwenye kona ya bustani hiyo inayokutana na barabara mbili. Wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Waligoma kula, Wangari akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa virungu na gesi ya machozi, na yeye akapelekwa hospitalini akiwa amezirai. Baadhi ya kina mama wale walivua nguo zao mbele ya askari, jambo ambalo kwa mila ni laana isiyotamkwa ovyo. Kisha wakakimbilia All Saints Cathedral, kanisa la mawe linaloonekana juu kidogo ya bustani, na huko wakakaa karibu mwaka mzima hadi wengi wa wana wao wakaachiliwa. Kona ile inaitwa Freedom Corner hadi leo. Kina mama hao walikuwa wakulima. Walikuja Nairobi kwa nauli ya kujikusanyia, kama wakazi wanaosoma ukurasa huu.

Kwenye Freedom Corner kuna kumbukumbu nyingine iliyozinduliwa Septemba 2015, ya walioteswa wakati wa ukoloni. Ilitokana na kesi ambayo wazee wa Mau Mau waliishitaki serikali ya Uingereza, na mwaka 2013 serikali hiyo ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 5,000. Sanamu ni ya mwanamke anayempa mpiganaji kapu la chakula. Itazamwe vizuri, kwa sababu hao wawili hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso upande wake ili akikamatwa na kuteswa asiweze kumtaja mwenzake. Watoto huelewa hili haraka kuliko watu wazima.

Kutoka kilimani mwa Uhuru Park jiji lote linaonekana mbele, na hakuna paa la kulipia linalotoa picha bora zaidi ya hapo. Ni bustani hii pia ambamo Katiba ya sasa, iliyoleta serikali za kaunti, ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010.

Bungeni: kiti cha mwananchi

Ukivuka Uhuru Highway kurudi mjini upande wa chini, unafika kwenye majengo ya Bunge na mnara wake wa saa. Wengi huutazama kwa mbali wakidhani ni mahali pa wakubwa. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lifanye shughuli zake kwa uwazi, na wananchi hawawezi kuzuiwa kuingia isipokuwa kwa sababu za kipekee ambazo Spika amezieleza. Kuna roshani ya umma, na kuketi humo hakulipiwi.

Kwa kawaida Bunge la Taifa huketi Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Kikao cha asubuhi huanza saa tatu na nusu, na cha alasiri saa nane na nusu. Bunge likiwa mapumzikoni hakuna kikao, kwa hivyo aulize kabla ya kusafiri, na ofisi ya mbunge wake iliyoko karibu na nyumbani ndiyo njia rahisi ya kupata jibu. Shule na vikundi huandika barua mapema kwa Karani wa Bunge. Mlangoni kuna upekuzi, kitambulisho huachwa, na simu haitumiki ndani. Mavazi yawe ya heshima. Anayeketi kwenye roshani hapigi makofi wala hazomei, hata mbunge wake akisema upuuzi.

Mkazi asiyeweza kufika Nairobi asione amenyimwa. Kifungu cha 196 kinaliwekea bunge la kaunti wajibu ule ule, na roshani yake iko karibu zaidi.

Karibu na Bunge huonekana kaburi la Mzee Jomo Kenyatta, likilindwa na askari. Kamera isitolewe hapo kabla ya kuomba ruhusa, vivyo hivyo kwenye majengo ya usalama na Ikulu. Jengo la KICC liko hatua chache, ghorofa 28, lililofunguliwa mwaka 1973 na kubaki refu kuliko yote nchini kwa zaidi ya miaka 20. Kupanda juu hulipiwa, lakini kulitazama kutoka barabarani hakuna ada.

Yanayolipiwa, na yaliyo mbali kidogo

Makumbusho ya Taifa, msitu wa Karura, Arboretum, makumbusho ya reli na Nairobi Gallery yote yana viingilio. Raia hulipa kiasi cha chini kuliko wageni, mradi aonyeshe kitambulisho, na mtoto hulipa chini zaidi. Sehemu nyingi za serikali sasa hupokea malipo kupitia eCitizen tu, kwa hivyo mwenye noti mfukoni anaweza kurudishwa mlangoni. Familia ikiwa na pesa za kiingilio kimoja, ichague kimoja na ikae humo muda mrefu.

Mwenye siku nzima anaweza kupanda matatu hadi City Park, Parklands. Hakuna kiingilio. Kuna miti ya asili, na kima wasio na haya ambao watamnyang'anya mtoto ndizi yake mkononi, kwa hivyo wasilishwe wala wasichokozwe. Ndani ya bustani hiyo amezikwa Joseph Murumbi, yule wa mkusanyo wa sanaa. Alitaka alazwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Februari 1965 akiwa na miaka 37. Makaburi hayo mawili na sanamu zinazoyazunguka ni mahali pa kimya kabisa, jambo adimu Nairobi.

Kurudi stejini

Anayebaki katikati ya jiji huteremka kutoka KICC hadi kona ya Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Hapo palikuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Leo ni bustani ya ukumbusho yenye ukuta wa majina ya zaidi ya watu 200 waliouawa Nairobi siku hiyo. Wengi walikuwa karani, mwalimu, mchuuzi, au mtu aliyekuwa amekuja mjini kwa shughuli ya siku moja. Kuna ada ndogo ya kuingia. Kama ndani ya familia kuna jina linalojulikana kuwa liko pale, hiyo ndiyo ada ya kulipwa kabla ya nyingine zote, na mtoto aonyeshwe jina hilo kwa kidole.

Kutoka hapo Railways ni mwendo wa dakika chache, na Machakos Bus si mbali. Msongamano huanza saa kumi na moja, na nauli hupanda nao. Aliye na watoto awe amepanda gari kufikia saa kumi.